Nyumba ya magogo kando ya Ziwa Naivasha: nitoze ngapi kwa usiku?

Kijana_wa_Umoja:
Hamjambo wadau. Usingizi umeniisha, naombeni ushauri. Nimepata nyumba ya magogo Naivasha, upande wa Moi South Lake Road. Vyumba viwili, baraza inatazama maji, migunga kila upande, jirani humwoni wala humsikii. Mwenyewe anaikodisha miaka mitatu kwa laki sita, nami niwe nikiwapangisha watu wa Nairobi wikendi. Jioni unakaa barazani na chai yako, jua linazama majini, furukombe analia, unasahau kuna kitu kinaitwa foleni ya Jogoo Road. Sasa, elfu kumi kwa usiku ni nyingi?

Mama_Kasarani:
Elfu kumi nikalale kwa mbao? Ushago, baba alihangaika miaka tisa atutoe kwa nyumba ya mbao atuweke kwa ya mawe. Leo watoto wake walipe warudishwe!

Mzee_Kayole:
Mwaka wa 1998 tulipiga kambi huko na kwaya. Usiku kiboko akaja kusimama katikati ya hema na choo, anatafuna tu, kama ng'ombe wa mtu. Hakuna aliyetoka mpaka alfajiri. Sufuria ya ugali ilipata kazi nyingine, sitasema zaidi. Kijana, kiboko mchana anakaa majini, usiku anapanda kula nyasi. Hiyo nyasi uliyoipenda mbele ya baraza ndiyo sahani yake.

Dada_Wakili:
Kutoka barazani hadi majini ni hatua ngapi? Na umeshalipa chochote?

Kijana_wa_Umoja:
@Mzee_Kayole kuna uzio wa umeme. Bei jameni, mbona hakuna anayejibu bei?

Dada_Wakili:
Nimeuliza hatua.

Kijana_wa_Umoja:
Sikupima vizuri.

Dada_Wakili:
Hukupima au hutaki kusema? Malewa na Gilgil zinamwaga maji humo, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda likahamisha watu wa mtaa wa Kihoto, 2025 likarudi tena. Ukiona migunga imekauka imesimama ndani ya maji, ujue pale palikuwa nchi kavu. Halafu kuna suala la ardhi ya ukingoni, kama hiyo nyumba hata ina ruhusa ya kuwa pale. Umeiona hati?

Kijana_wa_Umoja:
Sawa. Hatua kumi na nane. Palikuwa na gati la mbao, sasa vinaonekana vichwa vya nguzo tu. Lakini mwenyewe anasema ziwa hupanda na kushuka, na hapo hajadanganya. Tena wageni wanapenda maji yakiwa karibu, si ndiyo maana ya kwenda ziwani? Hati yuko nayo, aliniahidi picha. Dipoziti ya laki mbili nimetuma.

Mama_Kasarani:
Laki mbili zako?

Kijana_wa_Umoja:
Za chama. Mimi ndiye mweka hazina. Kabla ya Desemba zitakuwa zimerudi na faida juu, wanachama watanishukuru. Msianze kunihukumu.

Mama_Kasarani:
Wuueh! Sisi mweka hazina wetu alinunua ng'ombe wa maziwa na pesa za sufuria na viti. Ng'ombe alikufa. Tulikula matanga ya shangazi yake mwenyewe kwa sahani za kuazima, na yeye ndiye alikuwa anagawa nyama. Rudisha pesa ya watu, mwanangu.

Ras_Githurai:
Wadau mnabebwa. Moi South Lake Road iko kusini mwa ziwa, kwa hiyo baraza inayotazama maji inatazama kaskazini. Jua linazama majini vipi? Huyu hajawahi kupita Mai Mahiu. Ni dalali anatafuta wateja, ngojeni kesho alete namba ya simu.

Mzee_Kayole:
Hapo amenaswa. Hata mimi nilishuku hiyo chai.

Kijana_wa_Umoja:
Nilienda Juni! Juni jua linazama likiwa limeegea kaskazini kidogo, ukikaa pembe ya kushoto ya baraza unaliona. Na dalali gani anajianika kwamba amekula pesa za chama?

Ras_Githurai:
Dalali mwerevu.

Fundi_Mbao_Gikomba:
Acheni jua. Nimejenga hizi nyumba, tatizo huanzia gogo la chini. Saiprasi ikikaa karibu na udongo mbichi inaoza kwa ndani, na juu wanaipaka vanishi inang'aa kama kiatu cha harusi. Chukua kisu kidogo, chomeka gogo la chini kabisa upande wa ziwani. Kikigoma, endelea na bei yako. Kikiingia kama kwenye mkate, usitume hata shilingi nyingine.

Kijana_wa_Umoja:
Niko Umoja, siwezi kufika leo. Nimempigia mlinzi wa pale.

Fundi_Mbao_Gikomba:
Amesema?

Kijana_wa_Umoja:
Kimeingia mpaka mpini. Lakini ni gogo moja tu.

Fundi_Mbao_Gikomba:
Amechoma mangapi?

Kijana_wa_Umoja:
Hilo moja. Mengine ya upande huo anasema hawezi kuyafikia bila gambuti.