Naomba ushauri: gemu la PlayStation ya kwanza linaishia kwenye kiza

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Wete, Pemba, nikiomba msaada kuhusu gemu la PlayStation ya kwanza, toleo la Ulaya, ambalo nimelinakili kutoka kwenye sidii yangu mwenyewe nikapata mafaili mawili, moja la .bin (data yenyewe ya gemu) na jingine la .cue (linaloonyesha mpangilio wa data hiyo).

Mwanzoni RetroArch, programu ninayotumia kuchezea magemu ya zamani kwenye kompyuta, ilikataa kabisa kulifungua. Kosa lilikuwa langu: nililibadilisha jina faili la .bin, ilhali .cue, ambalo ni maandishi matupu yanayosomeka hata kwa Notepad, lilikuwa bado linataja jina la zamani. Nimerekebisha mstari huo, na sasa nembo inatokea, muziki wa utangulizi unasikika, kisha kioo kinakuwa cheusi na hakuna kitufe kinachojibu.

Faili la BIOS (programu ya msingi ya kuwashia PlayStation) ni la Ulaya, lina KB 512 kama inavyotakiwa, na gemu langu jingine linakwenda bila taabu. Sidii ina mikwaruzo ukingoni (hewa ya chumvi ya huku nayo haisaidii), lakini nimeinakili mara mbili, mara ya pili kwa kasi ndogo, na nakala zote zinalingana.

Nimesoma kwamba baadhi ya magemu ya Ulaya yana kinga dhidi ya kunakiliwa iitwayo LibCrypt, inayohitaji faili dogo la .sbi. Je, dalili hizi ni za kinga hiyo au za sidii iliyoharibika? Na kama ni kinga, faili hilo la .sbi liwekwe wapi na lipewe jina gani?