BIS au Entropi? Hela ipo ya mashine moja tu

Kipepeo_Moro: Wakuu habari. Tumepata hela ya monita moja ya kusoma mawimbi ya ubongo wakati wa nusu kaputi, jibu linatakiwa Ijumaa. BIS, Entropi au Narcotrend? Naomba uzoefu.

DkUsiku: Mkuu hujasema kitu. Mnalaza kwa gesi ya halothani au aisoflureni, au propofoli ya mshipa? Kipima gesi ya usingizi anayoitoa mgonjwa akipumua mnacho? Entropi ni moduli ya GE, monita yenu itaipokea? Na stika za paji la uso ni za mara moja unatupa, nani atazinunua kila wiki?

SindanoMoja: BIS bana. Ipo sokoni tangu miaka ya 90, namba yake ikiwa 40 hadi 60 kalala vizuri, karibu na 100 yuko macho. Utafiti wa B-Aware wa 2004, wagonjwa 2,463 walio hatarini kuzinduka katikati ya upasuaji, waliozinduka mezani walipungua kwa 82%.

Mama_Thieta: Usimpeleke mwenzio haraka. Nilikuwa na kijana wa kusafisha jeraha la moto, kalala na propofoli, nikamuongeza ketamini kidogo, dawa nyingine ya usingizi, namba ya BIS ikapanda toka 45 ikafika 70, mwenzangu akasema huyu anaamka akaongeza propofoli, haishuki, akaongeza tena, presha ikaporomoka tukahangaika na adrenalini mpaka nikahisi tunampoteza, kumbe muda wote kijana kalala fofofo. Ketamini inachangamsha mawimbi, mashine inadhani mtu kaamka. Sitasahau.

DkUsiku: Halothani nayo, namba inakaa juu kuliko aisoflureni wakati usingizi ni uleule. Halafu SindanoMoja taja na utafiti wa B-Unaware wa 2008, BIS dhidi ya kupima gesi, waliozinduka wawili huku wawili kule.

SindanoMoja: Sawa, ila kwa propofoli ya mshipa na dawa ya kulegeza misuli hiyo gesi utapima ipi?

DkUsiku: Hapo nakubali.

Pwani_RN: Hivi ni kweli Montreal kuna mashine inasoma ubongo na kutoa dawa yenyewe?

SindanoMoja: Kweli, McSleepy, 2008, propofoli na dawa ya maumivu na ya misuli, daktari amekaa pembeni.

Mama_Thieta: Siku nikimpa mgonjwa ketamini nani ataiambia?

Kipepeo_Moro: Samahani nilikuwa zamu. Ni halothani na ketamini, propofoli mara moja moja. Kipima gesi hatuna.

DkUsiku: Na kapnografi, ile ya kupima kaboni dioksidi anayoitoa mgonjwa akipumua?

Kipepeo_Moro: Ilikufa mwaka jana.

Mama_Thieta: Mwanangu, rudi kwa bosi kabla ya hiyo Ijumaa.

SindanoMoja: Hela ya mafungu haibadilishwi hivyo mama, akirudisha inapotea. Kipepeo, barua inasema monita ya ubongo au inasema monita tu?