Ameniacha peke yangu na pochi yake mezani

FundiWaMiembeni

Assalam alaykum jamani. Mie fundi umeme, nipo Unguja. Unga, yaani heroini, sijaugusa miaka mitatu na miezi saba. Nilikaa soba hausi, nyumba ya wanaoacha unga, na funguo zangu hadi leo zinaning'inia kwenye kile kishikio cheusi wanachopewa waliovuka miaka miwili.

Wiki iliyopita niliitwa nyumba moja kubadilisha nyaya za vyumba vitatu. Bi mkubwa mwenye nyumba akanipa chai na vitumbua, kisha akasema, "Mwanangu, nafika Darajani mara moja." Huyoo, katoka. Pochi yake juu ya meza, mdomo wazi, noti za elfu kumi zinachungulia. Nikashuka kwenye ngazi, nikaenda kukaa barazani juani mpaka aliporudi. Saa nzima. Akaniuliza mbona umekaa nje, nikamwambia nasubiri plasta ikauke. Hakukuwa na plasta yoyote.

Wallahi sikuzitamani zile pesa. Ila nilijiona kama nimevaa kanzu ya kuazima na mwenyewe yupo njiani anaifuata. Enzi zangu nilikuwa naingia usiku kwenye nyumba zinazojengwa, nang'oa waya ukutani, tunauchoma nyuma ya jaa plastiki itoke, shaba tunaipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu, pesa inayopatikana ni ya kete. Kuvuta waya ndani ya bomba bila kuukata nilijifunzia huko. Chuo kilikuja baadaye! Leo bi mkubwa ananisifu kwa jirani zake, "fundi muaminifu huyu", na mie puani nasikia ile plastiki inaungua.

Ninyamaze, au wateja niwaambie mapema kuwa fundi wao alikuwa teja?

DadaWaKufuli

Kaka fundi, pole, na hongera. Mimi niko Dar, nakunywa methadoni, ile dawa ya hospitali badala ya heroini, tangu 2012, huduma ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianze Muhimbili. Kila asubuhi foleni, nameza mbele ya muuguzi, ananisemesha kidogo ahakikishe sijaibana mdomoni, ndiyo naenda kwenye genge langu. Kwa hiyo hata kujiita nimepona naona haya, maana wapo wanaosema hujaacha, umebadilisha kikombe tu. Nimeshachoka kubishana nao.

Sasa sikia. Kwenye kikoba chetu walinipa ufunguo mmoja wa sanduku. Usiku ule sikulala. Nikaenda kwa mwenyekiti kuurudisha, nikamwambia dada, mimi unanijua nilikotoka. Akacheka. Akasema sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo watatu, na lilikuwa hivyohivyo kabla yako, tulipokuwa watu wa swala na kwaya watupu. Wale hawakuniamini mimi, kaka. Walikuwa na utaratibu usiomwamini mtu yeyote, na mimi nikaingia humo kama wenzangu.

Na wewe jiwekee kufuli. Ukianza kazi andika mita za waya ulizoingia nazo, ukimaliza hesabuni pamoja na mwenye nyumba. Chukua kijana wa kukusaidia, usiwe peke yako na pochi za watu. Pochi ikiwa mezani, sema tu, "Mama, pochi yako hii." Si lazima umsimulie ya kete.

NduguMsa

Hiyo hali ya kujiona tapeli ina jina, kwa Kiingereza "impostor phenomenon". Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliiandikia mwaka 1978: wanawake waliofaulu kwa haki kabisa, lakini wakijiona wamewahadaa watu. Ila ndugu yangu, wewe usijifiche humo humo. Wale hawakuwa wamemwibia mtu. Wewe nyaya za watu uling'oa. Hapo kuna vitu viwili na umevifunga furushi moja. Ufundi wako ni wa kweli, huna cha kuungama kwa bi mkubwa. Deni liko kwa wenye zile nyumba. Unazikumbuka? Anza na moja, na uende na mtu mzima wa kukushika mkono.

MamaN_Tanga

Mie si mraibu, ni mama yake. Wangu aliiuza cherehani yangu. Siku hizi nikitoka naacha pesa kabatini bila kufunga. Msidhani nimesahau. Huyo bi mkubwa wako nae, mtu wa mjini, unadhani hakujui?

FundiWaMiembeni

Shukran nyote. NduguMsa, umenichoma, lakini nyumba moja naikumbuka, ipo Fuoni, sasa wanaishi watu. Nimepita nje mara mbili. Bado sijabisha hodi.

Jumamosi nilirudi kumalizia kwa bi mkubwa. Nikafanya alivyosema DadaWaKufuli, nikampangia sakafuni vipande vyote vya waya vilivyobaki, hata vya urefu wa kidole, nikamwambia hesabu. Akavitazama, akanitazama. "Vya nini hivi? Nikavikaange? Katupe."

Kutupa nimeshindwa. Vimo mkobani mpaka leo, kama nusu kilo, na kila nikipita pale kwenye mizani nauhamishia mkoba bega la pili.

DadaWaKufuli

Hahaa! Mpe huyo kijana utakayemchukua, ajifunzie kuunga.