Tupeane uzoefu: mlimsomaje mpinzani kabla ya mechi ya Jumamosi?

Salaam wakuu. Nawaita ndugu mlioko Marekani mnaofuatilia futiboli ya Kimarekani ya vyuo (ile ya kofia na mpira wa mviringo mrefu, si soka), hasa mliocheza, mliofanya kazi kwenye timu au wenye watoto uwanjani. Tusimuliane tulivyomsoma mpinzani wa wiki inayofuata, tulipopatia na tulipokosea. Naanza mimi.

Nilisoma chuo kidogo Ohio, na kwa misimu miwili nilikuwa msaidizi wa chumba cha video. Kila Jumapili nilikata video za mpinzani, mchezo mmoja mmoja, na kila kipande nikakiandikia: ni jaribio la ngapi kati ya manne ambayo timu hupewa kusogea yadi kumi, zimebaki yadi ngapi kutimiza hizo kumi, mpira uko upande gani wa uwanja, wamejipangaje, wamekimbia au wamepasi. Nimekulia kwenye soka, kwa hiyo macho yangu yalikuwa yakiufuata mpira tu. Kocha wa ulinzi akaniambia: uache mpira, watazame wale watano wa mbele wanaomlinda kwotabeki, yaani mchezaji anayeupokea mpira na kuupasi au kumpa mwenzake.

Wiki moja nikamwona yule wa kushoto kabisa. Wakitaka kukimbia na mpira, aliinama akaweka uzito wote kwenye mkono aliougusisha chini, hadi vidole vikapauka. Wakitaka kupasi, mkono uligusa nyasi kidogo tu, uzito ukabaki kwenye visigino. Nilirudisha video labda mara thelathini kabla ya kuthubutu kumwita kocha. Jumamosi vijana wetu walimfikia kwotabeki wao kabla hajainua mkono. Sijawahi kufurahi vile.

Na bado tulifungwa. Vikosi vya mateke tulivipa dakika chache tu siku ya Alhamisi, wakatuzuilia teke karibu na mstari wetu, wakaokota na kufunga. Udhaifu ule ulikuwa wetu, na wao waliuona kwenye video zetu. Tangu hapo naamini kazi ya kwanza ni kujitazama mwenyewe kwa jicho la adui.

Mdau, Michigan: Mkuu, hilo la mateke linaniuma hadi leo. Tarehe 1 Septemba 2007 Appalachian State, timu ya daraja la chini, ilikuja Ann Arbor ikaifunga Michigan 34–32. Teke la mwisho la Michigan, ambalo lingewapa ushindi, lilizuiwa. Nilikuwa uwanjani na mjomba wangu, tulirudi nyumbani bila kusemezana.

Mdau, Nashville: Mimi nitasema la Vanderbilt, chuo cha hapa Nashville. Tarehe 5 Oktoba 2024 waliifunga Alabama 40–35, Alabama ikiwa namba moja nchini. Wengi waliita muujiza. Mimi sikubali. Kwotabeki wao, Diego Pavia, mwaka uliotangulia alikuwa New Mexico State, na huko aliongoza timu kuifunga Auburn 31–10 nyumbani kwa Auburn. Siku hizi wachezaji wanahama vyuo kila mwaka, kwa hiyo ukitaka kumjua mtu, tafuta video za chuo alichotoka.

Nililojifunza zaidi siku ile ni jaribio la tatu. Vanderbilt walifanikiwa 12 kati ya 18, wakakaa na mpira zaidi ya dakika 42 kati ya 60. Washambuliaji hatari wa Alabama walikuwa benchi wakitazama. Kijana wangu anacheza sekondari, na sasa tukikaa kutazama mpinzani wake swali letu la kwanza ni hili: wakibakiwa na yadi tatu kwenye jaribio la tatu, wanampa nani mpira? Mara nyingi ni mtu yuleyule, wiki baada ya wiki.

Mama wa mchezaji, Texas: Mwanangu hachezi Jumamosi. Yuko kwenye kikosi kinachoigiza mpinzani mazoezini. Wiki nzima anavaa namba ya kwotabeki wa timu ijayo na kutembea kama yeye. Naomba watu wawaheshimu vijana hawa, wanaumia sana na hakuna anayewatangaza.

Wiki ngumu kwake ilikuwa ya kujiandaa dhidi ya timu inayocheza kama Army na Navy, timu za vyuo vya jeshi: kwotabeki anaweza kumpa mpira mwenzake wa katikati, kubaki nao, au kumrushia mwenzake wa pembeni, na anaamua akiwa anakimbia. Siku nne hazitoshi kuuiga mchezo huo. Kocha wao akafanya mazoezi bila mpira kabisa, ili kila mlinzi ashike mtu wake asivutwe na macho.

Mdau, Minnesota: Nikumbushe mipaka tu. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinakataza kwenda mwenyewe, au kumtuma mtu, kwenye mechi za wapinzani mtakaokutana nao msimu huo ili kuwachunguza. Sakata la Michigan la 2023 lilitokana na hilo, watu walikaa majukwaani kurekodi ishara za makocha. Kuzisoma kwa macho siku ya mechi yenyewe ni halali. Msimu wa 2024 kocha akaruhusiwa kuzungumza na mchezaji mmoja kupitia redio ya kofia, hadi zibaki sekunde 15 kwenye saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila jaribio.

Mwanzisha mada: Ahsanteni sana. Mama, samahani nikuulize: kama hakukuwa na mpira, kocha alijuaje nani amekosea?

Mama wa mchezaji, Texas: Nilimuuliza mwanangu hivyohivyo, baba. Anasema kila mlinzi alipaswa kumgusa mtu wake kifuani kwa mikono miwili. Kipenga kikilia, mwigizaji ambaye hakuguswa ananyoosha mkono. Mkono mmoja tu ukinyooka, wote wanarudia. Jumanne ile walirudia hadi taa za uwanja zikawashwa.