Wu Guanzhong alichanganyaje wino wa Kichina na mambo ya Ulaya? Niko Kisumu, naomba msaada

dada_wa_dunga
Habari zenu wadau. Mimi nachora maboti pale Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, miaka sita sasa, na venye nilifunzwa ni rangi ya mafuta, mwanga huku kivuli kule, turubai ijazwe mpaka pembeni. Juzi nikapeleka picha mahali fulani nikaambiwa hizi ni za kizungu hazina Kisumu ndani, na hio maneno imenikaa rohoni aki, juu maboti ni ya kwetu na mkono ni wangu. Sasa nimekuwa nikisoma kuhusu Wu Guanzhong wa China, alisomea Paris akarudi kwao, na picha zake unaona pande zote mbili bila kuona mshono. Alifanya nini haswa? Ni brashi, ni karatasi, ama ni kichwa?

rangi_nakuru
Dada, kichwa kwanza. Wu alizaliwa 1919 Yixing, mkoa wa Jiangsu, akasomea Hangzhou kwenye chuo cha Lin Fengmian ambaye mwenyewe alikuwa ametoka Ufaransa, kwa hivyo kufika Paris 1947 hakuwa mgeni kabisa. Akarudi China 1950.
Tafuta zile picha zake za nyumba za kusini mwa mto Yangtze uziangalie polepole. Ukuta mweupe hajaupaka kitu, ni karatasi yenyewe imeachwa. Paa ni brashi imepita mara moja na wino mweusi, basi. Halafu vidoti vidogo vyekundu, kijani, manjano, kama nguo zimeanikwa mbali. Kuacha nafasi wazi ni mambo ya Kichina ya zamani sana, lakini kupanga nyeusi na nyeupe zishikane kama maumbo tu, hapo ndio unaona Paris.

mwalimu_kakamega
Mimi hufunza watoto kuchora na hii ndio hadithi huwaambia. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni kali ya kisiasa ya Mao huko China, Wu alikatazwa kuchora, na 1970 akapelekwa kijijini Hebei kulima. Baadaye waliporuhusiwa kuchora siku za mapumziko hakuwa na vifaa, akachukua lile kapu la kubebea samadi akalifanya stendi, na badala ya turubai akatumia ubao mdogo wa kuandikia. Akachora mahindi na maboga ya hapo hapo shambani na rangi ya mafuta! 1992 British Museum ikamfanyia maonyesho, mchoraji wa kwanza wa China kupewa hayo akiwa hai.
Alikuwa anasema sanaa ni kama kishada, kipae juu utakavyo lakini uzi usikatike, na uzi ni watu wenye umetoka kwao. Dada, wewe uko Dunga kila siku, uzi wako uko mkononi.

wino_mzito
Mwalimu nakubali, lakini tusifanye ni kama kuna njia moja. Xu Beihong, mchoraji mwingine wa China, pia ni wa Yixing, alizaliwa 1895, akaenda Paris 1919, na yeye alichukua kitu tofauti kabisa: mifupa na misuli. Alisoma mwili wa farasi vizuri hadi akirudi kwa wino anaweka mistari michache tu na farasi anakimbia. Na Xu hakumtaka Matisse, mchoraji wa kisasa wa Ufaransa, 1929 alimpinga wazi kwenye magazeti, wakati Wu alipenda hao hao wachoraji wa kisasa. Kwa hivyo dada usiache kile ulifunzwa, kujua boti limejengwaje ndio itakuwezesha kulichora kwa mistari mitatu.

dada_wa_dunga
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo asubuhi nimeenda ziwani na karatasi ya manila na wino, maji yote nikaacha karatasi tupu, boti nikalipitisha brashi moja, mafunjo nikayachora wino ukiwa bado mbichi yakatawanyika yenyewe, na tanga nikaweka doti moja ya bluu. Mvuvi mmoja mzee akasimama nyuma yangu, akanyamaza kidogo, akauliza mbona boti la shemeji yake halijafungwa kamba. Alilijua kwa mstari mmoja. Kamba nimeiongeza.