Naomba ushauri: kipima umbali cha leza kidogo cha kuwindia, nichukue kipi kati ya hivi viwili?

MfuataNyayo

Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela yangu.

Msimu uliopita nilimjeruhi swala. Alikuwa ng'ambo ya bonde, kasimama ubavu, jua linazama. Nikakadiria mita 200, nikalenga katikati ya kifua kama nilivyozoea. Risasi ikashuka, ikamvunja mguu wa mbele. Tulifuata matone ya damu mpaka giza likatuzuia, tukalala palepale, tukampata asubuhi bado yu hai. Wiki iliyofuata mwenzangu alikuja na kipima chake, tukasimama pale pale nilipofyatulia: mita 291. Tangu siku hiyo nimeapa sifyatui tena kwa kubahatisha.

Nataka kidogo kinachoingia mfuko wa shati, maana natembea kwa miguu siku nzima na tayari nina bunduki, maji, na darubini shingoni. Nimebaki na viwili. Cha kwanza boksi lake limeandikwa mita 1,800, kinakuza mara 6, namba zake ndani ni nyeusi. Muuzaji anasema wacheza gofu wanakipenda sana. Cha pili kimeandikwa mita 1,000 tu, nacho kinakuza mara 6, ila namba zake ni nyekundu za kuwaka. Bei hazipishani sana. Sehemu ninazowinda ni vichaka, nyasi ndefu na mabonde, na sipigi zaidi ya mita 300. Moyo unanituma kwa cha 1,800. Mnasemaje?

BundukiYaBabu

Pole sana mkuu. Aliyewahi kumfuata mnyama aliyejeruhiwa usiku anajua unachosema.

Hiyo 1,800 isikubabaishe. Ni umbali wa kupima kitu kinachorudisha mwanga vizuri, mfano kibao cha barabarani. Manyoya hayarudishi mwanga hivyo. Fungua kitabu cha maelezo, watengenezaji wengi huandika namba tatu: ya kiakisi, ya mti, na ya mnyama. Ya mnyama mara nyingi ni theluthi au nusu ya ile ya kwenye boksi. Kwa hiyo cha 1,800 kitakusomea swala kwenye mita 600 au zaidi kidogo, na cha 1,000 kwenye 350 mpaka 500. Tena jua kali la mchana linapunguza, na ukungu au vumbi linapunguza zaidi, kwa sababu mwale unagonga vitone hewani na kurudi kabla haujafika kwa mnyama.

Wewe hupigi zaidi ya 300. Cha 1,000 kinakutosha, ingawa bila akiba kubwa, kwa hiyo hakikisha namba yake ya mnyama kabla hujalipa. Cha kuangalia kwanza ni mambo mengine kabisa.

NyasiNdefu

Naongezea hapo kwa BundukiYaBabu, maana hili limeniuma mimi mwenyewe.

Uliza kipima kinachagua kipi kati ya vitu vingi vilivyo kwenye mwale mmoja. Kifaa kinatuma mapigo ya mwanga usioonekana, kinahesabu muda mpaka yarudi. Ukimwelekezea swala aliye nyuma ya nyasi, mapigo mengine yanarudi kutoka kwenye nyasi, mengine kutoka kwa swala. Kifaa lazima kiamue kikuonyeshe jibu lipi. Kilichotengenezwa kwa gofu kimepangwa kuchukua kitu cha karibu, kwa sababu mchezaji anataka bendera, hataki miti iliyo nyuma ya bendera. Mwindaji anataka kinyume chake, kiruke majani ya mbele kisome kilicho nyuma.

Nilikuwa nacho cha gofu. Nimelala kifudifudi, swala yuko wazi kabisa kwenye lenzi, nabonyeza: 38. Nabonyeza tena: 41. Nikainua viwiko kidogo: 212. Kulikuwa na mabua mawili ya nyasi mbele yangu, membamba kiasi kwamba jicho lilikuwa limeshayasahau. Swala akaondoka nikiwa bado nabonyeza.

Kama hicho cha kwanza hakina mpangilio wa kubadilisha kisome kitu cha mbali, kwa mazingira uliyoyataja mimi nisingekigusa.

MfuataNyayo

Aisee, hilo muuzaji hakuligusia. Nimeangalia sasa hivi: cha pili kina mipangilio yote miwili. Cha kwanza kina ya karibu tu.

Je, hizo namba nyekundu zina umuhimu au ni urembo?

Subira

Zina umuhimu mkubwa kwa mtu aliyefyatua jua likizama, kama wewe.

Namba nyeusi mchana ziko safi. Jioni, ukiziweka juu ya mnyama wa kahawia aliyesimama kwenye kivuli, hazionekani. Nimewahi kuinua kipima juu angani ili nisome namba niliyoipima chini, na kufika hapo ilikuwa imeshafutika. Nyekundu unaiona. Lakini hakikisha mwangaza wake unapunguzika. Nyekundu kali gizani inakupofusha jicho, unaona namba humwoni mnyama.

Angalia na upana wa lenzi ya mbele. Gawanya kwa ukuzaji: lenzi ya milimita 21 ikikuza mara 6 inakupa duara la mwanga la milimita 3.5 jichoni. Yenye milimita 24 na ukuzaji uleule inakupa 4, na jioni tofauti hiyo inaonekana. Ndiyo gharama ya udogo, kifaa kikizidi kuwa kidogo na lenzi inapungua. Usidanganyike na kile cha kufichika kiganjani.

MzeeWaPorini

Wanangu, mimi nimewinda miaka mingi bila hicho kidude. Betri inakufa, maji yanaingia, mkono unatetemeka. Macho hayaishiwi betri. Jifunze kukadiria, na ukiwa na shaka sogea karibu au mwache aende.

BundukiYaBabu

Shikamoo mzee. Hilo la kumwacha aende nakubaliana nalo kwa moyo wote. Lakini ng'ambo ya bonde macho yanadanganya hata ya mzoefu, kwa sababu pale katikati hakuna kitu cha kulinganishia, kila kitu kinaonekana karibu. Na bunduki inayotumia risasi za ukubwa wa .308, iliyorekebishwa ipige sawasawa mita 200, ikifika 300 risasi imeshashuka sentimita 25 hivi au zaidi. Hiyo ndiyo iliyomtoa huyu kijana kifuani ikampeleka mguuni.

Ninachofanya mimi, nakadiria kwanza kimoyomoyo ndipo nabonyeza. Kila siku, kila mti, kila jiwe. Kipima kimenifundisha macho kuliko miaka yote ya nyuma.

MzeeWaPorini

Marahaba. Hapo umesema neno, kutumia hivyo sina ugomvi nako.

UpindeNaMshale

Kuhusu pembe, maana hakuna aliyeigusa. Vingi siku hizi vinapima na mwinamo, vinakupa umbali wa kulengea. Ukiwa mlimani unapiga chini kwa nyuzi 30, kifaa kikisoma mita 300 moja kwa moja, wewe lenga kama mita 260. Usipojua hilo risasi inapita juu ya mgongo.

Sisi wa upinde tunauziwa kipengele hiki kwa maneno mengi, lakini hesabu inasema vingine. Nikiwa juu ya mti mita 6, mnyama mita 20 kutoka shinani, umbali wa moja kwa moja ni mita 20.9. Tofauti haifiki hata mita moja. Kwa hiyo kwa mabonde yako wewe ni lazima, kwa mtu wa juu ya mti karibu karibu si chochote.

NyasiNdefu

Ukikinunua, siku hiyohiyo fanya jaribio moja. Tafuta nguzo nyembamba iliyosimama peke yake, nyuma yake anga tupu. Weka kwenye hali ya kusoma mfululizo, kisha ile alama ya kulengea unayoiona ndani ya lenzi ipitishe taratibu juu ya nguzo kutoka kushoto kwenda kulia. Angalia namba inatokea wapi na inapotea wapi. Kisha fanya hivyo juu na chini, kwa ukingo wa paa. Utakuta mara nyingi mwale haukai katikati kabisa ya alama. Changu kinasoma kidogo kulia, nimeshakizoea.

Na mwale hutanuka. Ukiwa na mtawanyiko wa miliradiani 1.5, yaani sentimita 15 kwa kila mita 100, kwenye mita 300 umeshafika sentimita 45, yaani kifua kizima cha swala na kichaka kilicho kando yake. Egemeza mkono kwenye mti au fimbo, pima mara tatu. Namba zikikataa kukubaliana, pima kichuguu au jiwe lililo usawa wake.

Subira

Jambo jingine dogo lenye madhara: hakikisha kimewekwa mita, si yadi. Yadi 300 ni mita 274. Vingi vinakuja vikiwa kwenye yadi, na kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya ndani ya mfuko vinarudi huko. Angalia ile herufi ndogo pembeni ya namba kila asubuhi.

Betri nyingi ni CR2 ya volti 3, beba ya akiba. Na uliza sheria za uwindaji za eneo lako, kuna sehemu zinakataza vifaa vya kielektroniki.

MfuataNyayo

Wakuu, nimerudi. Sheria nimeuliza, kwetu kinaruhusiwa. Nimemwomba muuzaji anitolee vyote viwili nje jioni, akakubali. Cha kwanza mchana kilinipa mita 1,140 kwenye kibao cheupe, nikafurahi. Saa kumi na mbili na nusu nikakielekeza kwenye mbuzi mweusi chini ya mti: namba sikuziona kabisa. Cha pili niliziona, nikapunguza mwangaza ngazi mbili, mbuzi akaonekana na pembe zake. Kupitia nyasi kikasoma 164 mara tatu mfululizo. Kitabu chake kinasema mnyama mita 450.

Nimechukua cha pili. Jaribio la nguzo nimefanya: mwale uko juu kidogo ya alama.

Swali la mwisho, kamba yake niivae wapi? Shingoni kuna darubini, zitagongana.

BundukiYaBabu

Hongera mkuu. Funga kwenye mkanda wa begi upande wa mkono usiofyatulia, urefu wa kukifikisha jichoni tu. Ukikiachia kirudi mfukoni chenyewe bila wewe kutazama.