Nyumba na hekta moja na nusu huko Creuse: mbuzi, bustani na jirani anayekata nyasi

Kutoka: mwanachama wa Lyon

Shikamooni wakubwa, wenzangu, hamjambo.

Mimi na mume wangu tumechoka na kodi za Lyon, na baada ya kutafuta kwa muda mrefu tumepata nyumba ya mawe katika kijiji kimoja kusini mwa Guéret, mkoani Creuse, pamoja na ardhi ya hekta moja na nusu ambayo sehemu kubwa yake ni malisho. Bado hatujatia saini compromis, yaani mkataba wa awali wa mauziano. Muuzaji anatueleza kwamba kuna mkulima jirani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikata nyasi za malisho hayo na kuzikausha kwa ajili ya ng'ombe wake, na kwamba hayo ni mambo ya ujirani tu, hayana karatasi yoyote.

Nia yetu ni kufuga mbuzi wachache na kuku, kulima bustani ya mboga na, Mungu akijalia, kuchinja mbuzi wetu wenyewe siku ya Idd el-Hajj. Mume wangu ni Mfaransa wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe. Mimi nimekulia Lushoto, kwa hiyo mbuzi nawajua, ila taratibu za Ufaransa sizijui. Naomba mnieleze ni mambo gani ya kuuliza kabla hatujajifunga kwa saini.

Kutoka: mwanachama wa Corrèze

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako umetaja mambo mengi, lakini zito kuliko yote ni lile ulilolipitia haraka, yaani huyo jirani anayekata nyasi. Mbuzi wanaweza kusubiri mwaka mzima na wasikudhuru chochote. Jambo la jirani lisipowekwa sawa kabla ya saini, linaweza kukufungia ardhi yako kwa miaka.

Sababu ni kwamba sheria ya ukodishaji wa mashamba nchini Ufaransa, ile inayoitwa statut du fermage na ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1946, inamlinda sana mlimaji, na mkataba wake hauhitaji kuandikwa ili uwe halali. Mtu akitumia ardhi yako kwa kilimo au ufugaji, nawe ukapokea kitu kwa malipo ya matumizi hayo, iwe fedha, iwe marobota machache ya nyasi kavu kila kiangazi, mahakama inaweza kusema kwamba huo ni mkataba wa kukodi shamba. Mkataba wa namna hiyo hudumu miaka 9 kwa uchache, mpangaji ana haki ya kuuendeleza, na kwa kawaida ardhi ikiuzwa yeye ndiye mwenye haki ya kuinunua kwanza. Kubadilika kwa mwenye nyumba hakumwondoi. Nimeona watu waliohamia huku kutoka Uingereza na Uholanzi wakinunua malisho mazuri mbele ya mlango wao, kisha wakabaki kuyatazama tu dirishani kwa sababu ng'ombe waliomo ni wa mtu mwingine mwenye haki kamili ya kuwaweka humo.

Kwa hiyo usiridhike na neno la muuzaji, hata kama ni mtu mwema. Kwanza fungua tovuti ya Géoportail, utafute kijiji chako, kisha uweke juu ya ramani tabaka linaloonyesha viwanja vya kilimo vilivyotangazwa kwa ajili ya ruzuku za Ulaya. Jina la aliyetangaza halionekani, lakini ukiona malisho yako yamepakwa rangi, ujue kuna mtu anayeyahesabu kuwa sehemu ya shamba lake. Pili, mwombe notaire, yaani ofisa wa sheria anayeandika mikataba ya kuuziana nyumba na ardhi, amtake muuzaji atamke kwa maandishi kwamba ardhi haina mpangaji, na jirani naye atie saini karatasi ya kukiri kwamba hana haki ya ukodishaji juu yake. Una haki ya kuwa na notaire wako mwenyewe mbali na yule wa muuzaji, na gharama haziongezeki, kwa sababu wao wawili hugawana malipo yaleyale. Jirani akikataa kutia saini, hilo nalo ni jibu.

Simaanishi umfukuze. Malisho yasiyokatwa hugeuka vichaka vya miba kwa misimu michache tu, na mashine yake utaihitaji. Baada ya kununua, andikianeni mkataba wa kumwazima ardhi bure, unaoitwa prêt à usage, wenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na usipokee chochote kutoka kwake kwa ajili ya nyasi hizo. Akikuletea kikapu cha uyoga, hiyo ni zawadi ya jirani. Akikuletea sehemu ya nyasi kila mwaka, hapo mmeanza kulipana.

Kuna chombo kingine kinachosimamia mauzo ya ardhi ya kilimo, kiitwacho SAFER, kilichotokana na sheria ya kilimo ya mwaka 1960, ambacho notaire lazima akijulishe kuhusu uuzaji wa ardhi ya kilimo, nacho kina miezi miwili ya kuamua kama kitatumia haki yake ya kununua kwanza. Usihamaki ukisikia jina hilo. Panga tu tarehe zako ukijua kwamba miezi hiyo ipo.

Swali la maji taka ni la fedha zaidi kuliko sheria. Nyumba za vijijini mara nyingi hazikuunganishwa na mfereji wa umma, na huduma iitwayo SPANC hukagua mashimo yao. Muuzaji lazima akupe ripoti ya ukaguzi isiyozidi umri wa miaka mitatu, na ikisema mtambo wa maji taka haukidhi masharti, mnunuzi hupewa mwaka mmoja tangu siku ya kununua kuutengeneza. Kazi hiyo hula maelfu ya yuro, kwa hiyo isome ripoti kabla hujakubaliana bei. Kama kuna kisima, uliza kama kilitangazwa kwa meya, maana hilo pia ni lazima.

Sasa mbuzi. Hata ukiwa na mmoja tu wa kupendezesha ua, unatakiwa kujiandikisha kuwa mfugaji na kupewa namba na EDE, ofisi inayosajili mifugo, ambayo katika mikoa mingi utaifikia kupitia Chambre d'agriculture, yaani baraza la kilimo la mkoa. Kila mnyama huvaa hereni mbili za masikioni zenye namba, moja ikiwa ya kielektroniki. Wanaozaliwa kwako huvalishwa kabla ya kutimiza miezi sita na kabla ya kutoka shambani. Ukinunua, mnyama aje na hati yake ya safari, nawe utoe taarifa ya kuhama kwake ndani ya siku saba. Mara moja kwa mwaka utajaza hesabu ya mifugo yako. Matangazo ya intaneti yamejaa mbuzi wa bei nafuu wasio na hereni; waache kwa wenyewe. Kabla ya kununua, piga simu kwa daktari wa mifugo aliye karibu umuulize kama anapokea mbuzi, kwa sababu wengi siku hizi hutibu mbwa na paka tu, na anayekubali wanyama wa shamba huenda yuko mbali. Muulize pia kuhusu chanjo ya ugonjwa wa ulimi wa bluu, ambao aina yake ya tatu iliingia Ufaransa mwezi Agosti 2024 na kuwasumbua hasa kondoo.

Kuhusu Idd nitasema wazi ili usije ukashitakiwa bila kujua. Sheria inaruhusu familia kuchinja nyumbani mbuzi au kondoo waliyemfuga wenyewe, ikiwa nyama yote italiwa na familia hiyo, lakini kwa sharti kwamba mnyama apotezwe fahamu kwanza. Kuchinja kwa taratibu ya dini bila kumpoteza fahamu kunaruhusiwa katika machinjio yaliyoidhinishwa tu, na anayeshika kisu lazima awe na kibali kinachotokana na mmojawapo wa misikiti mitatu inayotambuliwa kwa kazi hiyo, yaani wa Paris, wa Lyon na wa Évry. Adhabu ya kuchinja nje ya machinjio inaweza kufikia kifungo cha miezi sita na faini ya yuro 15,000. Mikoa mingine hufungua machinjio ya muda kwa siku za Idd, na karibu na sikukuu hiyo wakuu wa mikoa kwa kawaida hutoa amri ya kukataza watu binafsi kusafirisha kondoo walio hai. Kwa hiyo mbuzi wako unaweza kumla siku ya Idd, mradi uwe umeweka nafasi machinjioni mapema na karatasi zake ziko sawa.

Kutoka: mwanachama wa Lot-et-Garonne

Ndugu zangu, jambo kwenu. Mimi ni mtu wa Bukavu, na namshukuru mzee wa Corrèze kwa maelezo yake, ingawa sikubaliani naye kwamba mbuzi wasubiri. Ukiingia katika nyumba iliyokaa bila watu, adui wa kwanza ni miba, na mbuzi huila kwa bei rahisi kuliko mashine yoyote. La muhimu ni wawe wawili au zaidi, kwa sababu mbuzi wa peke yake hulia mchana kutwa na kuruka uzio kutafuta wenzake, na jirani atakujua kwa kelele kabla hajakujua kwa salamu. Fedha ya kwanza iende kwenye uzio.

Kuku nao hutangazwa kwa meya, kwa karatasi moja nyepesi. Hatari ya mafua ya ndege ikipandishwa ngazi, utaambiwa uwafungie ndani au uwawekee wavu juu. Usifanye mzaha na amri hiyo, maana katika mikoa yetu ya kusini magharibi bata wengi sana wameteketezwa kwa ugonjwa huo. Banda lifungwe kila jioni kabla giza halijaingia, kwa ajili ya mbweha.

Kwenye bustani, dada yangu, baridi ya Lushoto isikudanganye. Wazee wa huku hawatoi nyanya nje kabla ya siku za Saints de glace, tarehe 11, 12 na 13 Mei, na huko Creuse jalidi inaweza kuzidi hapo. Udongo wa huko umetokana na mawe ya matale, una uchachu, kwa hiyo pima kwanza kisha utie chokaa. Sukuma wiki inastawi vizuri na hustahimili baridi. Maharage, maboga na mahindi ya kuchoma pia. Mihogo na ndizi za kupika utaendelea kununua dukani. Mchicha huota wenyewe katika mashamba ya mahindi, wakulima wanauita gugu na kuupiga dawa, kwa hiyo chuma wa bustanini kwako tu. Mnavu wa porini usiuguse kama huna uhakika kamili, kwa kuwa kuna mmea wa Ulaya uitwao belladone, wenye matunda meusi, unaoua.

Mbegu usizibebe kwenye sanduku ukitoka nyumbani. Tangu mwezi Desemba 2019, mimea na mbegu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na yasiyohitaji cheti ni matunda matano tu: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Nyama na maziwa ndiyo usijaribu kabisa. Na majani unayofagia uani usiyachome moto kama tulivyozoea. Faini yake inaweza kufika yuro 750. Yarundike yaoze, au uyapeleke kwenye jalala la kijiji, déchetterie.

Neno kwa wengine wanaosoma: dada huyu ameolewa na Mfaransa, na kibali cha aina yake kwa kawaida humruhusu kufanya kazi. Mwenye kibali cha visiteur, yaani cha mgeni anayekaa tu, ameahidi kutofanya kazi yoyote Ufaransa, na kuuza mayai sokoni ni kazi. Hata mwenye haki ya kuuza, eneo au saa zake zikifika kiwango fulani, ataandikwa MSA, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wakulima, kwanza kama mchangiaji wa mshikamano tu, asiyepata bima kwa mchango huo, kisha kama mkulima kamili akifikia saa 1,200 kwa mwaka.

Kutoka: mwanachama wa Lyon

Nawashukuru sana. Tumeangalia ramani jana usiku, na malisho yetu yote yamepakwa rangi ya majani ya kudumu, isipokuwa kipande kilicho nyuma ya ghala. Tumempata notaire wetu, naye amesema hataturuhusu kutia saini mpaka compromis iwe na sharti kwamba jirani amethibitisha kwa maandishi kuwa hana ukodishaji, la sivyo ununuzi unavunjika na amana yetu inarudi. Muuzaji amenuna kidogo, ila amekubali kwenda kuzungumza na jirani siku ya Jumamosi, na mume wangu atakuwepo.

Ripoti ya SPANC imetufikia pia: mtambo haufai. Tumeomba makadirio ya gharama kwa mafundi wawili ili tuyatumie katika bei. Kama yupo mwanachama aliyewahi kutengenezewa mtambo huo katika nyumba ya mawe yenye mteremko, naomba aniandikie alichagua aina gani, ya mchanga au ya kichujio cha boksi, na kila baada ya muda gani analazimika kulipia ukarabati.